Chyulu na Marsabit: nchi mbili za volkano, wewe uende ipi?

Nikionyesha watu picha za yale mawe meusi ya Shetani kule Chyulu swali ni lile lile, ni wapi huko na naendaje. Wakiona zile za Marsabit, ziwa limekaa ndani ya shimo na ukungu umelala juu yake, wanauliza kama kweli ni hapa hapa Kenya. Halafu linakuja swali lenyewe: mwaka huu nina likizo moja na pesa ya safari moja, nichague ipi? Nimelijibu kwa simu mara nyingi sana, leo naandika yote nimalize.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Hizi zote ni nyika, tena nyika haswa. Unaweza kuzunguka siku nzima usikutane na gari nyingine, duka hakuna, netiweki inakuja na kupotea, na wanyama wapo lakini hawakupangii foleni barabarani kama Mara. Kama hamu yako ni kuona simba na chui wengi kwa muda mfupi basi pesa yako ipeleke kwengine. Huku unaenda kuona ardhi yenyewe.

Pili, nikisema Chyulu namaanisha ile milima pamoja na kipande cha Tsavo West kilicho chini yake, maana volkano haijui mipaka ya mbuga. Milima ya Chyulu ni mbuga yake, ilitangazwa 1983, lakini mawe ya Shetani, kilima cha Chaimu na chemchemi ya Mzima ziko upande wa Tsavo West. Ni mbuga mbili, tiketi mbili, na watu wengi hili hawaambiwi mpaka wafike getini.

Sasa tofauti kubwa ambayo kwangu ndio inaamua kila kitu: Chyulu unaenda kuona moto uliozimika juzi, Marsabit unaenda kuona kile kinachoota baada ya moto kuzimika zamani sana.

Shetani na Chaimu

Nasema juzi na sijakosea. Yale mawe ya Shetani yalitoka ardhini karibu mwaka 1856, yaani babu wa babu zetu walikuwa hai, na watu wa pale waliuona ule moto ukitambaa usiku, wakasema ni shetani mwenyewe ametoka chini, jina likabaki hivyo mpaka leo. Wazee wanasimulia kwamba kuna watu na mifugo waliofunikwa na ule moto na kwamba ukinyamaza unaweza kuwasikia. Mimi nilisimama pale mchana jua linawaka nikanyamaza kweli, nikasikia upepo tu ukipita kwenye matundu ya mawe, lakini nawaelewa waliosikia zaidi ya hapo.

Ni mtiririko wa kilomita kama 8 kwa urefu na zaidi ya kilomita moja na nusu kwa upana, mweusi tititi, na hakuna udongo. Unatoka kwenye vichaka vya kawaida vya Tsavo, udongo mwekundu, tembo wekundu kwa sababu ya vumbi hilo hilo, ghafla barabara inaingia kwenye bahari ya makaa. Hapa na pale mti mmoja mmoja umepata ufa ukashika, na majani machache, basi. Ukikanyaga yale mawe yanalia kama vigae vilivyovunjika, na ni makali jamani, kiatu cha raba laini kitachanika, mtoto akianguka anachubuka vibaya. Vaeni viatu vya kufunika mguu, sandali acheni kwenye gari.

Chaimu ni karibu na hapo, kilima cha changarawe nyeusi, na Mkamba akisikia hilo jina moja kwa moja anakumbuka aimu, yaani mizimu. Unapanda kwa miguu. Kwa macho ni kifupi lakini kila hatua mbili unateleza moja nyuma kwa sababu changarawe haishiki, na ukifika juu unachungulia ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, na ukigeuka unaona Tsavo yote imelala chini. Pandeni asubuhi mapema kabla ile changarawe haijashika moto wa jua, na mwambieni renja (askari wa mbuga) kabla ya kushuka kwenye gari maana hii ni mbuga ya simba na nyati.

Kuna mapango pia. Mtu anielewe hapa kwa sababu hiki ndicho kitu cha pekee cha Chyulu. Ukipika uji ukauacha kidogo, juu unashika utando na chini bado unachemka, sivyo? Lava, ule moto wa mawe yaliyoyeyuka, ni vivyo hivyo, juu inapoa inakuwa jiwe, ndani moto unaendelea kutiririka mpaka unaisha wote unatoka, na nyuma yake linabaki bomba tupu la mawe. Liko pango dogo la Shetani ambalo mgeni anaingia na tochi na renja, na huko juu milimani liko lile linaloitwa Leviathan, zaidi ya kilomita 11 limepimwa, katika mapango marefu ya lava duniani liko kwenye orodha. Leviathan si la kujiendea tu, unahitaji ruhusa, mtu anayelijua, kofia ngumu, na tochi zaidi ya moja kwa kila mtu. Mimi niliingia kidogo tu nikarudi, na hicho kidogo kilinitosha: ule ubaridi, lile giza ambalo hata mkono wako huuoni, na ukuta una mistari kama mto uliogandishwa, kwa sababu ndio hivyo ulivyokuwa, mto.

Mzima

Hapa naomba niende polepole kwa sababu mimi ni mtu wa Mombasa.

Milima ya Chyulu haina mto hata mmoja. Unaona kijani juu, nyasi ndefu, misitu ya ukungu kwenye vilele (kilele cha juu kinapita mita 2,100), mvua inanyesha, lakini maji huyaoni. Yanaingia ndani. Majivu na mawe yenye matundu yanayanywa yote kama sifongo, yanasafiri chini ya ardhi kilomita kama 50, yanachujwa humo humo, halafu yanatokea Mzima, kwenye nyika kavu ambayo usingetegemea hata kikombe, yakiwa safi mpaka unaona samaki na mawe ya chini. Zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Viboko wanaogelea, mamba wamelala, miti ya mikuyu na mikindu imezunguka, na kuna kijichumba cha vioo kimejengwa chini ya maji unashuka unaangalia samaki wakipita usoni.

Na bomba linatoka pale mpaka Mombasa. Miaka yote nilikuwa nafungua mfereji nyumbani nasikia wazee wakisema "leo kuna maji ya Mzima", nikidhani ni jina tu la kampuni au la tangi fulani. Siku niliposimama pale nikatambua kwamba nilikuwa nikinywa mvua ya Chyulu iliyopita ndani ya volkano, nilinyamaza kabisa, mke wangu akaniuliza kama naumwa. Kwa watu wa Pwani nasema wazi, hata kama mtachagua Marsabit mwaka huu, Mzima mpelekeni mtoto wenu siku moja aone maji yanatoka wapi. Na ile misitu ya juu ikichomwa na kukatwa, wa kwanza kulia ni sisi.

Marsabit, au Saku

Sasa upande wa pili. Toka Nairobi ni kilomita kama 550 kaskazini, na sisi wa Pwani ongezeni nyingine karibu 500 kabla ya hapo. Lakini barabara! Zamani toka Isiolo ulipanda lori, ulikula vumbi siku nzima, na majambazi walikuwepo. Sasa ni lami mpaka Moyale, lami nzuri, unapita Archer's Post, unaona lile jabali la Ololokwe limesimama kama ukuta, halafu Merille, Laisamis, Logologo, jangwa kavu la mawe, ngamia, joto la kukausha ulimi. Halafu gari inaanza kupanda. Baada ya Karare hewa inabadilika, unafunga dirisha, na ukifika tao, yaani mjini Marsabit, unatafuta sweta. Sisi tuliingia saa moja usiku na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka taa za magari hazionekani vizuri, na mchana wake tulikuwa tumelowa jasho. Wenyeji Waborana wanauita huo mlima Saku.

Mlima wenyewe ni volkano kubwa iliyokaa peke yake katikati ya jangwa, na juu yake umetobolewa mashimo, makreta makubwa ambayo wenyeji wanayaita gof. Gof Redo iko nje ya mbuga, kwenye njia panda ya kuelekea Moyale na North Horr, hiyo unaiona bure. Ndani ya mbuga kuna Gof Bongole, kubwa sana, ukingo wake ni mwamba wima. Kuna Gof Sokorte Dika karibu na geti. Na kuna Gof Sokorte Guda, ambayo dunia inaijua kama Ziwa Paradise.

Nikae hapo kidogo. Unapita msitu mnene, miti imening'inia ndevu kavu za kijivu, kila kitu kinadondoka matone ingawa mvua hainyeshi, ni ukungu tu umeshikwa na majani. Halafu msitu unafunguka na chini yako kuna bakuli, kuta zake zote ni miti, na katikati maji. Tulifika asubuhi ukungu bado haujainuka tukakaa karibu saa nzima hatuoni chochote. Mzee aliyetuongoza akatuambia, "Vijana, msiwe na haraka, huyu mlima unajifungua wenyewe." Ukaanza kuinuka kama shuka inayovutwa pole pole, kwanza tukaona nyati kwenye nyasi za ukingoni, halafu maji, halafu ukuta wa ng'ambo. Tembo hatukuwaona siku hiyo, tulisikia tu matawi yakivunjika ndani ya msitu. Siku ya pili jioni walikuja wanane kunywa.

Sasa jueni: mwaka wa ukame mkali lile ziwa hupungua na limewahi kukauka. Ulizeni kabla ya kwenda. Ukifika ukakuta nyasi badala ya maji bado kreta iko pale, lakini si ile picha uliyobeba kichwani.

Na ndio kwao Ahmed. Wengi mmemwona bila kujua, ni yule tembo wa sanamu pale Makumbusho ya Taifa Nairobi, mwenye pembe zinazokaribia kugusa ardhi. Alikuwa wa Marsabit, na 1970 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri ya rais kwamba alindwe usiku na mchana asiuawe na majangili. Akafa kifo chake cha kawaida 1974. Geti la mbuga lililo karibu na tao linaitwa kwa jina lake. Kwa mtoto anayesoma historia hiyo peke yake ni sababu ya kupita pale.

Cha maji, Marsabit ni kinyume cha Chyulu. Chyulu inameza maji na kuyatema mbali, anakunywa mtu wa kilomita mia mbili na zaidi. Marsabit msitu ndio unayakamata na kuyaweka pale pale mlimani, na kila mtu anapanda kuyafuata: tembo, ng'ombe wa Borana, ngamia wa Gabra na Rendille, na tao nzima. Visimani utaona wachungaji wamesimama mmoja juu ya mwenzake ndani ya kisima wakipokezana ndoo huku wakiimba, na ng'ombe wa kila mwenyewe wanaijua sauti ya wimbo wao. Ombeni ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha, na mkikataliwa msilazimishe, pale ni kazini kwa watu.

Gari, pesa na usalama

Chyulu na Tsavo West kufika ni rahisi mno. Mtito Andei ni katikati ya Nairobi na Mombasa, kila basi linapita, na ile treni ya SGR inayosimama stesheni ndogo ndogo inashusha abiria pale na Kibwezi pia. Shida inaanza ukishatoka lami. Ndani bila gari yako au ya kukodi huendi kokote, na juu milimani Chyulu ni 4x4 ya kweli, njia ni nyembamba, mvua ikinyesha yale majivu yanateleza kama sabuni. Chini kwa Shetani, Chaimu na Mzima wakati wa kiangazi hata gari ya kawaida iliyo juu juu kidogo inafika. Tairi liangalieni kwa macho yenu wenyewe. Sisi tulikodi kwa kampuni moja tukaambiwa kila kitu kiko sawa, tukapata pancha kwenye mawe, tukafungua spea tukakuta ina upepo nusu na jeki haifiki. Masaa matatu kwenye jua na watoto wawili, mpaka gari ya marenja ikapita ikatusaidia. Tangu siku hiyo sichukui gari ya mtu kabla sijaishusha spea chini nikaigonga.

Marsabit ni kinyume tena. Safari ni ndefu ya kuchosha lakini ukifika umefika: mabasi ya usiku yanatoka Eastleigh, asubuhi uko tao, gesti zipo za bei ya kawaida, na geti la mbuga liko pale pale mjini. Boda haingii mbugani, kwa hiyo mnakodi gari na dereva mwenyeji kwa siku, mkiwa wanne mnagawana inakuwa nafuu. Kwa hiyo mtu asiye na gari, ingawa inashangaza, Marsabit ya mbali ni rahisi kuliko Chyulu ya karibu.

Malipo ya mbuga zote ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, getini hawapokei noti, na bei ya mwananchi, mkazi na mgeni ni tofauti. Viwango vinabadilika, angalieni siku mnayolipa, msitegemee bei aliyowaambia shemeji aliyeenda zamani. Lipeni mkiwa bado na netiweki.

Usalama nitasema ukweli. Tsavo na Chyulu cha kuogopa ni wanyama na barabara tu. Marsabit imewahi kuwa na mapigano ya jamii na wizi wa mifugo, 2022 serikali iliweka hadi kafyu. Mimi nilienda wakati wa utulivu na watu wake ni wakarimu kupita kiasi, lakini wiki ya safari pigeni simu kwa mtu aliye kule, hotelini au kwa KWS, shirika la wanyamapori, muulize hali. Na msisafiri usiku kwa gari ndogo ya binafsi kwenye ile njia.

Chakula sina wasiwasi na kokote. Marsabit halali ni kila mahali, nyama ya mbuzi na ngamia, anjera, chai ya maziwa ya ngamia ambayo mwanzoni ina ladha ya moshi halafu unaitaka tena, na misikiti iko karibu. Mtito Andei kuna mahoteli ya barabarani, shibeni na mbebe, maana ndani ya mbuga ukitoa loji za bei kubwa hakuna mahali pa kununua chochote. Maji ya kunywa bebeni mengi. Tsavo West kuna mbung'o, wanauma kupitia shati, na nguo za buluu na nyeusi zinawavutia, vaeni kaki.

Kwa hiyo

Una wikendi moja ama siku tatu: Chyulu na Tsavo West, bila kufikiri mara mbili. Ijumaa jioni Mtito, Jumamosi Shetani, Chaimu na pango, Jumapili Mzima asubuhi na nyumbani. Una watoto wa shule ya msingi pia ni huko, wataelewa volkano kwa kuigusa, hakuna kitabu kitakachowaeleza vizuri kuliko lile jiwe mkononi. (Jiwe lirudishwe lilipotoka, tafadhali.)

Una wiki nzima, magoti mazima, na subira ya kukaa saa nzima ukitazama ukungu: Marsabit. Siku mbili za njia, siku mbili mlimani, moja visimani na Gof Redo, na kama hela inaruhusu teremkeni upande wa Kalacha mkaone jangwa la Chalbi, ingawa hiyo ni safari nyingine yenye gari mbili na mtu anayejua njia. Wazee wenye shida ya kifua wafikirie ule ubaridi, na mwenye shida ya mgongo afikirie lile basi.

Miezi, mimi napenda Juni mpaka Septemba kwa zote mbili. Januari na Februari pia ni kavu, na ndio wakati mzuri wa kumwona Kilimanjaro toka Chyulu asubuhi kabla mawingu hayajamfunika. Aprili msiende, njia za ndani zinaharibika.

Ukinishika mkono ukaniuliza mie binafsi nirudi wapi kesho, nasema Marsabit, kwa ajili ya ile asubuhi ya ukungu. Lakini ndugu yangu mdogo niliyekuwa naye safari zote mbili anasema Shetani, na hatujakubaliana mpaka leo. Mwezi wa nane tunapanda tena Mtito, safari hii na mamangu, hajawahi kuiona Mzima na maji yake ameyachota miaka sitini.